Acheni kumwaga asidi kwenye sakafu za marumaru kisha mkasingizia kwamba jiwe limezeeka

Ndugu zangu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kampuni ya usafi niliyoilipa isafishe na kung'arisha sakafu ya sebuleni, ambayo ni marumaru halisi ya jiwe na wala si vigae vya kauri, imeniachia sakafu iliyobabuka. Nilipolalamika, msimamizi wao alinijibu kwamba jiwe limezeeka na sasa linahitaji kupakwa nta, kazi ambayo wanaifanya wao wenyewe kwa malipo mengine.

Kilichofanyika ni hiki. Mfanyakazi alimimina dawa kutoka kwenye dumu lisilo na lebo, akaisambaza kwa brashi ngumu, na papo hapo sakafu ikaanza kutoa povu jembamba lililochemka kwa sauti ya chinichini. Nilipouliza povu lile ni la nini, niliambiwa kwamba ni uchafu unatoka. Lilikuwa jiwe lenyewe likiyeyuka. Leo ukiinama ukaitazama sakafu hiyo kwa mwanga unaoingia upande wa dirishani, unaona mabaka meupe yenye kingo zilizopindapinda, yakifuata njia ileile ambayo dawa ilitiririka, na ukipitisha kiganja juu yake unahisi mparuzo mahali ambapo zamani mkono ulikuwa ukiteleza.

Marumaru ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo ndani ya ardhi, na sehemu yake kubwa ni kalsiamu kaboneti. Asidi ikikutana na kalsiamu kaboneti huila, na katika kuila huko hutoka gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo yale mapovu. Haijalishi kama ni asidi ya hidrokloriki iliyomo katika baadhi ya dawa za choo na za kuondolea mabaki ya saruji, au siki ya jikoni, au maji ya ndimu. Zinatofautiana kwa kasi na kina cha madhara tu. Tena mng'ao wa marumaru haukupakwa juu yake kama rangi. Ni uso wa jiwe lenyewe, uliosuguliwa hadi ukawa sawasawa kiasi cha kuakisi mwanga. Asidi ikishaula uso huo, hakuna sabuni wala kitambaa kitakachourudisha, kwa sababu hakuna kitu kilichoongezeka ambacho unaweza kukifuta. Kilichopo pale ni upungufu wa jiwe.

Hili si jambo gumu kulijua. Mtu anayejiita fundi wa sakafu na anayepokea pesa za watu kwa kazi hiyo hana udhuru wa kutolifahamu, na kama analifahamu na bado anamwaga dawa ile kwa sababu inaondoa matope ya kwenye maungio haraka, basi anaharibu mali ya mtu kwa makusudi.

Wanaonikera karibu sawa na mafundi hao ni wale wanaosambaza ushauri wa kusafisha marumaru kwa siki iliyochanganywa na magadi ya kuokea, eti povu lake linang'oa uchafu. Siki na magadi vikikutana hubatilishana, na unachobaki nacho ni maji yenye chumvi kidogo. Siki ikizidi, inayozidi inaanza kula jiwe. Mwingine atakuja hapa kusema kwamba yeye anadeki granaiti yake kwa siki na haijapata shida. Granaiti imeundwa zaidi kwa kwatzi na feldispa, madini ambayo siki haiyayeyushi kwa namna hiyo, kwa hiyo ushahidi wake haumsaidii mwenye marumaru hata kidogo. Na wapo wanaomwaga dawa ya klorini ya kupaushia nguo juu ya asidi ambayo haijasuuzwa. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu, na hapo hatuzungumzii sakafu tena bali mapafu ya watu waliomo ndani ya nyumba.

Sasa nirudi kwenye hiyo nta, maana ndiyo inayonichoma zaidi. Nta inayopakwa juu ya marumaru iliyobabuka huficha mabaka kwa muda, sakafu inawaka, mteja anafurahi na kulipa. Baadaye nta hiyo huanza kunasa vumbi, huchakaa kwenye njia ya kupita watu na kubaki nene pembeni, hugeuka manjano, na kila mara inabidi ikwanguliwe na kupakwa upya na watu walewale waliosababisha haja ya kuipaka. Mimi naiita biashara ya kidonda kisichoruhusiwa kupona.

Kung'arisha marumaru kwa haki ni kazi ya kusugua. Jiwe hili lina ugumu wa takriban 3 katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10 ya almasi, ilhali mchanga wa kwatzi una 7, ndiyo maana mchanga unaoingia na viatu huichora, na ndiyo maana pedi za almasi huweza kuisawazisha upya. Fundi huanza na pedi yenye chembe kubwa kadiri uharibifu ulivyo, tuseme namba 200 au 400 (namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa), kwa mashine na maji, kisha anapanda hadi 800, 1500 na 3000, na kila pedi inafuta mikwaruzo iliyoachwa na ile iliyotangulia. Akiruka hatua, mikwaruzo ile hubaki chini ya mng'ao na utaiona taa ikiwaka. Kwenye kingo za ukuta, ambako mashine kubwa haifiki, anapaswa kupiga magoti na kutumia mashine ndogo ya mkono. Mwisho huja unga wa kung'arishia. Baadhi ya unga huo una asidi ya oksaliki, na hilo ninalikubali, kwa sababu hutumiwa kwa kiasi, pedi ikizunguka muda wote, na kusuuzwa mara kazi inapoisha, jambo lililo mbali sana na kumwaga dumu zima na kwenda kupumzika.

Ipo pia njia ya kunyunyizia dawa ya fluosilikati, kemikali inayougumisha uso wa marumaru, na kuisugua kwa pamba ya chuma chini ya mashine nzito. Juu ya jiwe ambalo tayari limesawazishwa, inaweza kuimarisha mng'ao. Juu ya mabaka ya asidi ni kifuniko tu, na vipande vya pamba ya chuma vikisahaulika kwenye maungio vitapata kutu na kuacha nukta za kahawia.

Halafu kuna dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe, ambayo huuzwa kwa maneno kwamba ukishaipaka sakafu haidhuriki na kitu. Kazi yake ni kuchelewesha mafuta, kahawa na maji yenye rangi yasizame ndani ya jiwe. Haizuii asidi kuula uso wa juu. Anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Usafi wa kila siku hauhitaji miujiza: vumbi liondolewe kwanza kwa ufagio laini au kitambaa kikavu, kisha sakafu idekiwe kwa dekio lililokamuliwa vizuri na sabuni isiyo asidi wala alkali kali, isuuzwe kwa maji safi na ikaushwe.

Ninachodai kwa kampuni hizi ni kidogo mno. Kila dumu linaloingia nyumbani kwa mtu liwe na lebo inayotaja kilichomo. Dawa ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, kama vile chini ya kabati, mwenye nyumba akiwapo. Na mabaka yakitokea, aliyeyasababisha alipie gharama za kusugua upya kwa almasi badala ya kumuuzia mteja nta. Yangu nimekataa kuilipia, na nimewaandikia barua nikiambatanisha picha za kabla na baada.

Kwa mafundi waaminifu wa marumaru mnaosoma hapa, naomba jibu moja: mabaka yaliyoliwa na asidi kali hadi kidole kinahisi mparuzo, mnaanzia pedi namba ngapi, na mnafanyaje pale jiwe lililo jirani halijaguswa na dawa, ili sakafu isije ikawa na mng'ao wa aina mbili?