Naomba ushauri: video bila mtandio

Habari zenu wakubwa na wenzangu. Nina miaka 23, naimba taarabu hapa Unguja. Wimbo wangu wa kwanza umeshakamilika, sasa prodyuza anataka kwenye video nivue mtandio na nivae gauni la mabega wazi, eti ndiyo soko. Mwenyewe sitaki, na nyumbani wameridhia niimbe kwa stara tu. Nilimtajia prodyuza huyo Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa zamani wa hapa Zanzibar, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928. Akajibu, "Siti hakuwa na YouTube." Nikapendekeza ionekane mikono yangu yenye hina ikipiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, basi. Prodyuza kacheka. Mkataba sijasaini bado. Sharti la mavazi naliandikaje humo? Na kuna aliyetoa video bila kuonesha sura, ikapokewaje?