Tupeane uzoefu: filamu ya mapigano iliyokufanya umtafute mwongozaji wake

Mwanzilishi: Jana usiku nimeirudia Police Story ya mwaka 1985. Pale Jackie Chan anapoteleza kwenye nguzo yenye taa ndani ya jengo la maduka, nikakumbuka kwamba kwenye kibanda cha kuonyeshea video hatukuwahi kuuliza nani kaongoza filamu. Tulimjua stelingi na adui tu. Ninyi mlianza lini kuwatambua waongozaji?

Mpenda Mikanda: Nilianza na John McTiernan, nilipogundua kwamba Predator ya 1987 na Die Hard ya 1988 ni kazi za mkono mmoja. Katika zote mbili unajua adui yuko upande gani, jambo lililopotea siku hizi kwa sababu picha zinakatwakatwa ovyo.

Wa Tanga: Umenena.

Mzee wa Deki: Si zote. Chad Stahelski, aliyeongoza John Wick ya 2014, ndiye aliyekuwa akishika nafasi ya Keanu Reeves katika vitendo vya hatari vya The Matrix, na ndiyo maana kamera yake hutulia tukaona mwili mzima ukipigana.

Mpenda Mikanda: Huyo ni mmoja. Nitajie watano.

Kaka Mkubwa: Nguzo hiyo ya Police Story imenitonesha kidonda. Tulitoka kibanda umiza jioni, sauti ya mtafsiri ikiwa bado masikioni, na mdogo wangu akapanda mlingoti wa bendera wa shule, kisha akajiachia kama alivyoona. Waya uliochomoza ulimchana viganja, akaachia kabla ya kufika chini, mkono wa kushoto ukavunjika. Nilimbeba kwa baiskeli hadi hospitali, na mama hakunisemesha wiki nzima. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojua kwamba Chan, aliyeiongoza filamu ile mwenyewe, aliungua mikono kwenye nguzo ile, nikalia. Picha za majeruhi huonyeshwa mwishoni, majina yakipita, lakini kibandani mkanda ulikuwa ukitolewa majina yanapoanza tu.

Wa Tanga: Pole sana, ndugu yangu. Mkono ulipona?

Kaka Mkubwa: Ulipona, ila haunyooki wote.

Mama Wawili: Wazazi, waacheni watoto watazame hadi majina yaishe.

Mzee wa Deki: Mimi nasema wasionyeshwe kabisa kabla ya miaka 15.

Wa Tanga: Waonyesheni, ila mwatandikie godoro.

Mpenda Mikanda: Pole, Kaka Mkubwa. Mzee, bado nasubiri watano.

Mzee wa Deki: Gareth Evans, The Raid, 2011. George Miller, Mad Max: Fury Road, 2015. Wawili waliobaki nitawaleta jioni.