Naombeni ushauri: niwaambie nini kina mama kliniki kabla ya masika?

Nesi_wa_Bondeni
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni nesi kliniki ya mama na mtoto, huku Rufiji. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Muhoro na Chumbi, watu walikimbia na nguo za mwilini. Mtoto anafika kambini hana kadi, hujui kachanjwa nini. Mwenye kifafa dawa zimeenda na maji. Siku ya kliniki foleni ndefu, kila mama nampata dakika chache pale kwenye mizani. Nimwambie nini cha maana? Mabango yapo ukutani, hakuna anayeyasoma.

BabaZuu
Anza na kadi. Ya Zuu nimeipiga picha kurasa zote, ya chanjo na ya uzito, nikamrushia shangazi yake Dar kwa WhatsApp, maana simu nayo huzama.

Mama_Selimundu
Dada nesi, usiwaweke watoto wote kapu moja. Mwenye selimundu, pumu, kifafa au kisukari, mwite mama yake pembeni. Wangu ana selimundu. Daktari alituandikia kikaratasi: ugonjwa, dawa, dozi, uzito, kundi la damu. Kinakaa na kadi. Tena kuelekea masika wapeni dawa za miezi miwili. Ya kifafa ikikatwa ghafla, degedege hurudi kwa kishindo.

Mchokonozi
Miezi miwili? Kuna zahanati hata za mwezi hazipo. Na bonde linajulikana linajaa, serikali za vijiji ziko wapi? Kila kitu mama!

Muuza_Dawa
Mchokonozi una hoja, ila ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha, bei yake ndogo. Mpe pakiti mbili tatu na zinki, umwonyeshe hapohapo: pakiti nzima kwa lita moja ya maji safi, apime kwa chupa ya lita, siyo kikombe. Nimeona watu wanamimina pakiti nzima kwenye kikombe cha chai, chumvi inazidi, mtoto anaumia. Zinki ni siku 10 hadi 14 hata harisho likikata. Insulini bila friji ikae kivulini kwenye mtungi wa udongo, imefungwa isilowe. Isigande wala isipigwe jua.

Bi_Mkunga
Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Maziwa ya kopo kwa maji ya kambini ni kuhara tu.

Nesi_wa_Bondeni
Asanteni sana. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nitawapa orodha ya watoto wa dawa za kila siku, wajue nyumba zao na namba ya ndugu anayeishi mwinukoni. Mchokonozi, hiyo ya vijiji naipeleka kwa mtendaji. Mama Selimundu, kikaratasi kimeandikwa Kiswahili?

Mama_Selimundu
Dawa kwa majina yake ya kitaalamu, mengine Kiswahili. Na nyuma kaandika: joto likifika 38.5, msisubiri, nendeni hospitali yoyote iliyo karibu.