Caterham Project V: nisubiri, au nichukue Elise ya zamani?

MtotoWaChumbageni (Norwich), 12 Aprili 2025

Wakuu, habari za wikiendi. Naomba ushauri kuhusu magari mawili mepesi ya michezo ya Uingereza, Project V la Caterham na Elise ya Lotus, na mnivumilie maana nitaandika kirefu.

Mimi ni nesi, mzaliwa wa Tanga, na huku Norfolk huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Nilipofika nilipanga chumba Wymondham, jirani na Hethel kilipo kiwanda cha Lotus. Zamani palikuwa uwanja wa ndege za vita, na barabara yao ya kujaribia magari imepita palepale ndege zilipokuwa zikirukia. Nikitoka zamu ya usiku nilikuwa nasimamisha baiskeli nje ya uzio nasikiliza. Gari linapunguza gia, linaingia kona, linatoka. Sikuwa hata na leseni ya huku wakati ule, lakini nia niliiweka siku zile.

Mwaka jana jirani yangu, mzee mstaafu, alinikatia bima ya siku moja akanikabidhi ufunguo wa Elise yake ya 1998. Nilipofungua mlango, kitu cha kwanza kugusa kilikuwa alumini tupu, ya baridi, haina kapeti wala rangi. Unapitisha mguu juu ya ile boriti ya pembeni, unajishusha mpaka makalio yanakaribia lami. Karibu na goti unaona mstari wa gundi pale vipande viwili vya alumini vilipokutana. Ndiyo, gundi! Chesisi ya Elise, yaani fremu inayobeba gari zima, haikuchomelewa, imegandishwa, na chesisi nzima ina kilo 68. Gari zima, zile za mwaka 1996 zilipoanza kutoka, lilikuwa na kilo 725. Injini ni ya Rover, lita 1.8, nguvu za farasi 118 tu.

Nikaenda nalo Cromer na kurudi. Usukani hauna pawa. Tairi lilipokanyaga mstari mweupe wa katikati nilihisi unene wa ile rangi kwenye viganja vyangu. Tangu siku ile kila gari ninalopanda naliona limevaa koti la mvua juu ya koti la baridi.

Sasa swali lenyewe. Tangu Julai 2023, Caterham walipoonyesha Project V kwenye tamasha la magari la Goodwood, sijatulia. Ni gari la umeme lenye paa na vioo kamili, mota moja nyuma ya kilowati 200, betri ya kilowati-saa 55, na uzito waliolenga ni kilo 1,190. Walisema litatoka kwenye sifuri hadi kilomita 100 kwa saa chini ya sekunde 4.5, litatembea kama kilomita 400 kwa chaji moja, na bei haitafika pauni 80,000. Kuundwa walipanga kuanze mwisho wa 2025 au mwanzo wa 2026. Januari mwaka huu Yamaha wakatangaza kwamba mota na mfumo wake wa kuzungusha magurudumu ya nyuma ni kazi yao, na kampuni ya Tokyo R&D ndio wanaotengeneza gari la majaribio. Kwa hiyo si picha tena.

Lakini kilichonishika zaidi ni viti. Project V lina viti viwili mbele na kimoja nyuma, katikati. Nina binti wa miaka minane. Siku ile ya Cromer alibaki dirishani kwa jirani akinipungia mkono, na niliporudi aliniuliza yeye angekaa wapi. Sikuwa na jibu.

Akiba yangu inatosha Elise nzuri ya zamani leo hii, kuanzia pauni 20,000 na kuendelea. Au niendelee kuweka, miaka mitatu mingine, nisubiri Project V na mkopo kidogo. Nyie mnaofuatilia magari mepesi, mngefanyaje? Na je, mnaamini kweli kwamba gari la umeme litabaki na kilo 1,190 hadi linafika barabarani?

---

Fundi_Kovu (Coventry)

Mkuu, salamu zako nzuri. Mimi kazi yangu ni betri za magari ya umeme, nazifungua kila siku, kwa hiyo nitajibu hilo la mwisho kwanza.

Chukua betri ya kilowati-saa 55. Kwa teknolojia iliyopo, ukijumlisha seli, boksi, nyaya na mabomba ya kupozea, unapata kama kilo 350 hivi. Toa hizo kwenye 1,190, zinabaki 840. Humo ndani unatakiwa uweke mota, magurudumu, breki, vioo, milango, viti vitatu na mifuko ya hewa. Elise yako nzima, na injini yake, ilikuwa 725, tena bila vitu vingi ambavyo mnunuzi wa leo hawezi kuvikosa. Kwa hiyo inawezekana, ila kila kilo italiliwa.

Na uzito una tabia ya kuzaana. Ukiongeza betri, unahitaji chesisi ngumu zaidi ya kuibeba. Gari likiwa zito linadai breki kubwa, breki kubwa zinadai magurudumu makubwa, magurudumu makubwa yanadai mota yenye nguvu, na mota inarudi kudai betri. Angalia Lotus wenyewe. Emira ambalo bado ni la petroli limevuka kilo 1,400. Eletre, lile lao kubwa la umeme, linakaribia tani mbili na nusu. Huo mzunguko ukianza hauna pa kukomea.

Kinachonipa moyo ni namna ya kupoza. Betri ya Project V inatoka kwa XING Mobility wa Taiwan, na seli zao hazipozwi na bamba lililo chini kama nyingi ninazofungua. Seli zenyewe zimezamishwa ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme. Joto linaondoka pande zote za seli, kwa hiyo betri ndogo inaweza kukamuliwa kwenye mzunguko wa mbio na kuchajiwa haraka bila kujichosha. Walisema kutoka asilimia 20 hadi 80 kwa dakika 15. Ukiweza kuchaji hivyo, huhitaji betri kubwa, na usipobeba betri kubwa umeshaukata ule mzunguko pale unapoanzia. Hapo ndipo naona akili yao.

Ila usisahau historia. Caterham wamewahi kujaribu gari la kisasa mara mbili. 1994 walileta Caterham 21, gari zuri la kutazama, Elise ikatokea miaka miwili baadaye ikalimeza. Hazikuuzwa hata mia. Halafu 2012 wakashirikiana na Renault, wakaachana 2014, na kile kilichozaliwa humo kilikuja kutoka kwa jina la Alpine A110 la Renault, bila Caterham. Hii ni mara ya tatu. Nawaombea ifike.

Ukiamua Elise: injini hizo za Rover zinajulikana kwa gasketi ya silinda hedi. Angalia maji ya rejeta kabla injini haijawashwa, fungua kifuniko cha oili utazame kama kuna utelezi mweupe kama maziwa. Halafu lala chini na tochi. Chesisi ya gundi ikigongwa haikunjwi ikarudi kama chuma. Ikiwa boriti imepinda, achana nayo hata kama bei inavutia.

---

Wa_Rongai (Nairobi)

Samahani nadandia. Hiyo Elise mtu anaweza kuileta Kenya? Usukani si uko kulia tayari?

---

Fundi_Kovu

Usukani ndiyo, lakini Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Elise zilikoma kuundwa 2021, kwa hiyo ni zile za mwishomwisho tu, nazo bei yake ni nyingine kabisa. Halafu fikiria matuta ya Rongai, kaka.

---

MamaZuhura (Leicester)

Kaka wa Chumbageni, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Mdogo wangu naye ni nesi, najua zamu za usiku zilivyo.

Mimi na mume wangu tunalo Seven 170, kile kigari cha wazi cha Caterham, tumeliunganisha wenyewe gereji ya nyumbani msimu wa baridi wa juzi. Liliwasili kwenye makatoni. Ekseli nzima ya nyuma tuliibeba wawili kutoka mlangoni bila kupumzika. Boneti naliinua kwa mkono mmoja, naliegemeza ukutani, kisha nafanya kazi nimesimama wima pande zote mbili za injini. Injini yenyewe ni Suzuki ya sentimita za ujazo 660, ina turbo, farasi 84. Gari zima kilo 440. Nikikaa ndani na mume wangu, sisi wawili ni zaidi ya robo ya mzigo wote, na unalisikia hilo: nikiwa peke yangu ni gari moja, tukiwa wawili ni jingine.

Nasema haya kwa sababu nasikia watu wanaodai Caterham hawana uzoefu wa gari la umeme. Ni kweli hawajawahi kuuza hata moja. Lakini watu hawa tangu 1973, walipochukua haki za Lotus Seven, kazi yao imekuwa moja tu: kujua kipi kisiwekwe. Miaka hamsini ya kukataa. Fundi wa betri unaweza kumwajiri kutoka Taiwan, wa mota ukampata Yamaha. Mtu wa kukaa kwenye mkutano na kusema "hapana, hiki hakiingii" huwezi kumnunua. Ndiyo maana mimi nalisubiri Project V kwa hamu kuliko Longbow, wale Waingereza wapya wa magari ya umeme waliojitangaza mwezi uliopita na Speedster lao la kilo 895. Namba ni tamu, na waendako nawaunga mkono, lakini lile halina paa, na mtoto wako hana pa kukaa humo.

Umbo nalo nalipenda. Mchoraji ni Anthony Jannarelly, yuleyule aliyechora Lykan HyperSport la Dubai. Lykan lilikuwa na mbwembwe za vito hadi kwenye taa. Mtu huyohuyo amechora Project V bila mkunjo hata mmoja wa kujionyesha. Tazama picha za ubavuni.

Kwenye swali lako la kusubiri au kutosubiri: binti wa miaka minane atakuwa na miaka kumi na moja. Bado atataka kupanda gari na baba. Akiwa na kumi na sita, sijui. Hesabu yako ianzie hapo, si kwenye pauni.

Na kabla hujaamua, njooni siku moja Leicester. Nitamzungusha mtoto kiti cha abiria kwenye Seven, taratibu, njia za vijijini.

---

MtotoWaChumbageni

Wakuu, asanteni sana. Nimeyasoma yote mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mke wangu.

Dada MamaZuhura, marahaba, nadhani nimekuzidi kidogo. Hilo la umri wa mtoto sikulifikiria hivyo. Nilikuwa nahesabu miaka mitatu ya akiba kana kwamba ni yangu peke yangu.

Fundi, ile hesabu ya kilo 840 imenikaa kichwani tangu jana. Imenikumbusha babu yangu, aliyekuwa akichonga mitumbwi ya ngalawa nyumbani. Kila alipofika sehemu ya ubavu aliweka tezo chini, akagonga mti kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Sauti ikiwa nzito alirudi palepale akapunguza. Wateja walimjia akiwa bado kazini, wanamuuliza itakuwa na mwendo gani, na hakuwa akiwajibu hadi imeingia majini. Baba alikuwa akikasirika kwamba anapoteza advansi. Babu hakupokea advansi hata siku moja.

Basi nimeamua hivi. Nasubiri. Pesa inabaki benki na sitoi amana kwa mtu yeyote hadi Project V lenye namba za barabarani lipimwe kwenye mizani na mtu asiyeliuza. Likija na kilo 1,250 au pungufu, naandika jina langu siku hiyohiyo, maana naelewa kwamba vioo na mifuko ya hewa vina uzito wake. Likivuka 1,300 natafuta Elise, na tochi yangu ninayo, Fundi, nitalala chini kama ulivyosema. Katikati ya hapo nitarudi hapa kuwauliza tena. Na wakiondoa kile kiti cha nyuma cha katikati kwa sababu yoyote ile, nitawaandikia barua mwenyewe, kwa mkono.

Nimemwonyesha binti yangu picha ya ndani ya gari jana usiku. Alikiona kiti chake bila kuambiwa. Aliuliza kama kutoka pale katikati ataona mbele au ataona visogo vyetu tu. Kama kuna mtu amekaa kwenye lile la maonyesho, naomba anijibu hilo.

Dada, wikiendi ya mwisho ya Mei sina zamu. Mtoto anauliza kama kwenye Seven atavaa miwani ya upepo, na kama ninyi mnayo ya saizi yake.