Yule wa pampu kanidhalilisha mbele ya mtaa mzima!

BiKidoti: Jina silitaji. Kila mtu wa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, anamjua, yule anaepita na timu ya kupulizia dawa ya mbu.

Mie nimetii yote. Godoro nje, masufuria nje, kabati ya marehemu mama nje, chandarua kimekunjwa. Naambiwa "bi mkubwa, kaa barazani", nikakaa. Basi badala ya kupuliza kuta aende zake, kazunguka uwani, kafunua pipa langu la maji, kachota kwa upawa wake, kamimina kwenye sinia jeupe. Halafu kapaza sauti mpaka Pemba wamesikia: "Njooni muone, mbu wa shehia nzima wanazaliwa kwa bibi huyu!"

Kwa bibi huyu! Majirani wote wako nje na magodoro yao, wakaja kuinamia sinia. Mpaka watoto wa chuo cha Kurani wakanyoosha vidole, viluwiluwi vinajipindapinda. Pipa naliweka kwa sababu mferejini unatoka upepo mtupu. Angenivuta pembeni akanambia. Lakini "shehia nzima"? Wallahi, nzima?

Mchokozi_Wete: Viluwiluwi vilikuwemo au havikuwemo?

BiKidoti: Nazungumzia adabu, sizungumzii viluwiluwi! Kaita watu!

Daktari_wa_Barazani: Wa kwenye pipa aghlabu ndio wa homa ya dengi. Wa malaria, Anofelesi, anapenda vidimbwi vya juani. Wa matende yuko kwenye makaro na vyoo. Kwa hiyo si wote wa shehia, bibi kazalisha fungu lake tu.

BiKidoti: Na wewe!

Babu_Makunduchi: Mwacheni apulize. Mradi wa zamani wa kutokomeza malaria hapa Zanzibar ulisitishwa 1968, malaria ikarudi kwa kishindo. Kwetu miaka ya 1980 vyoo vilimwagiwa chembe za plastiki nyeupe zikaelea juu ya maji, mbu wa matende wakakosa pa kuzaa. Na hakuna alieitiwa majirani.

BiKidoti: Umeona babu! Hakuna alieitiwa majirani!

Shoga_wa_Mtoni: Kwetu tokea wapulize mende wote wamehamia kitandani. Hilo hamlisemi.

Mvuvi_Nungwi: Mende kitu gani. Kunguru je? Kaniibia samaki wangu kikaangoni, mafuta yanachemka. Nani alietuletea hawa?

Daktari_wa_Barazani: Waliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, ili wale taka.

Mvuvi_Nungwi: Basi warudishwe, nauli nachangia.

BiKidoti: Jamani, uzi wangu ni wa sinia!

Shoga_wa_Mtoni: Na panya wa sokoni msiwasahau, mkubwa kuliko paka wangu.