Naomba ushauri: mpelelezi wangu amekwama shule ya bweni, 1885

Wakuu, habari za jioni. Naandika riwaya ya upelelezi, nimefika sura ya sita nimekwama. Ni Uingereza ya Malkia Victoria, shule ya bweni ya wasichana kwenye nyika za Yorkshire, stesheni ya treni iko maili tisa. Wasichana watatu wametoweka. Mwalimu mkuu anadai wamechukuliwa na wazazi, lakini viatu vyao bado vimepangwa chini ya vitanda, na vya mmoja vina matope mabichi.

Shida ni mpelelezi. Nilimtoa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, kisha nikasoma kwamba tangu 1856 kila kaunti ilitakiwa kuwa na polisi wake, kwa hiyo mtu wa London hajiendei tu, lazima aitwe. Nani amwite, wakati mwalimu mkuu ndiye anayeficha? Alama za vidole nazo sina, Scotland Yard walianza kuzitumia 1901. (Nilishaandika kurasa nne tamu za alama za vidole. Nimezifuta kwa uchungu.)

Halafu mwanamume kuwahoji wasichana bwenini peke yake, kwa enzi ile, haiingii akilini. Nafikiria amtumie dobi wa shule, maana kila soksi imeshonwa namba ya mwenyewe, na dobi ndiye anayejua ipi haijarudi. Au nimfanye mpelelezi wa kujitegemea, aliyekodiwa na baba wa msichana mmoja? Mnaoandika na mnaosoma hadithi hizi, mngeendaje hapa? Msinionee huruma.