Barua ya 5071C, na mtu wa kodi hapatikani

Mama Pacha, Columbus
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Jumatatu nimefaili fomu ya kodi kwa mtandao, imerudi: SSN yangu, ile namba ya hifadhi ya jamii, imeshatumika. Leo nakuta barua ya 5071C sandukuni, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wanauliza kama fomu waliyopokea ni yangu. Si yangu! Barua inataka niwe na fomu ya mwaka uliopita mkononi ndipo nithibitishe. Mwaka uliopita nilifanyiwa na mtu wa kodi tuliyeelekezwa na watu, akafanyia mezani kwake, nikamlipa taslimu. Nakala hakunipa, na simu yake haipatikani. Bila nakala nafanyaje? Na 14039, fomu ya kuripoti kuibiwa utambulisho, nijaze au nisijaze? Marejesho ya kodi ninayoyasubiri ndiyo pango la nyumba la miezi miwili.

Dereva, Dallas
Pole sana dada. Mimi yalinikuta 2023. Jamaa aliniahidi marejesho makubwa kuliko ya wenzangu, kumbe kwenye akaunti ya kupokelea ameandika ya kwake. Wote mnaosoma hapa, fungueni fomu zenu za kodi, 1040, ukurasa wa pili, chini kabisa. Kama umelipa mtu na pale hapana sahihi yake wala PTIN, yaani namba yake ya mtayarishaji wa kodi, huyo hataki ajulikane. Nilijaza 14157 na 14157-A, fomu za kumshitaki mtayarishaji, zinakwenda pamoja. Dada, jaza na 14039 leo leo. Na wakikupigia simu, kata, IRS hawapigi kabisa.

Mhasibu, Minneapolis
Kaka Dereva, tuwe waangalifu. 14157-A ni ya mtayarishaji aliyebadilisha fomu yako au kuhamisha pesa yako. Kwa Mama Pacha hatujajua aliyefaili ni nani. Na mwenye 5071C hajazi 14039, anafuata barua. 14039 ni ya yule ambaye fomu yake imekataliwa na hajaandikiwa chochote. Halafu hili la "hawapigi kabisa" si kweli. Barua hutangulia, lakini deni la zamani linaweza kupewa kampuni binafsi ya kukusanya, na hao hupiga, baada ya barua ya CP40. Tapeli utamjua kwenye malipo. Akitaja kadi za zawadi, mazungumzo yameisha.

Dereva, Dallas
Sijapotosha mtu, dada. Nimesema yaliyonikuta, na miezi niliyosubiri naijua mimi.

Nesi, Seattle
Hizo kadi zisikieni kwangu. Desemba, natoka zamu ya usiku, mwanamume ananipigia: SSN yako imesimamishwa, polisi wako njiani. Leo najua SSN haisimamishwi. Siku ile nilitetemeka. Nilikuwa kaunta na kadi nne mkononi, simu sikioni, kakataza nisiikate. Mama wa kaunta akaniuliza taratibu, "Huyo kwenye simu ndiye aliyekutuma?" Nikalia pale pale. Hakuniuzia.

Tangu hapo nina IP PIN, namba ya siri ya kufaili kutoka IRS, tarakimu 6, kila Januari inatoka mpya. Bila hiyo hakuna atakayefaili kwa njia ya mtandao kwa SSN yangu. Na nimefungia taarifa zangu za mikopo kwenye kampuni zinazozitunza, Equifax, Experian na TransUnion, asiombe mtu mkopo kwa jina langu. Ni bure tangu 2018. Za watoto pia nimefungia, maana mtoto haombi mkopo, akiibiwa jina utajua akifika chuo.

Mzee, Houston
Marahaba wanangu. Nyumbani barua ya serikali ikija, anaitwa mjumbe, inasomwa barazani, kila mtu anasema lake. Huku unaifungua peke yako saa sita usiku, umechoka, na huna wa kumuuliza. Hapo ndipo wezi wanapotupatia. Na juu ya hayo tangu Januari 2026 tunakatwa asilimia 1 tukituma pesa kwa wazazi. Tunalipa kodi kwenye mshahara, tena tunalipa kwa kumkumbuka mama! Inaniuma sana.

Mhasibu, Minneapolis
Shikamoo mzee. Asilimia 1 ni kwa anayelipia kwa taslimu, hundi ya benki (cashier's check) au money order. Ukituma kutoka akaunti yako ya benki au kadi ya benki ya hapa Marekani, haikuhusu. Ila turudi kwa Mama Pacha.

Dereva, Dallas
Wengi wetu hulipa taslimu, dada. Mzee kasema kweli.

Mama Pacha, Columbus
Asanteni, la 14039 nimelielewa. Kuhusu nakala, nimetafuta Google "msaada wa IRS", nimepata namba, kijana amepokea papo hapo, mpole kweli. Yuko hewani sasa hivi. Anasema nakala ya mwaka uliopita anaweza kunitolea, nimtumie tu picha ya leseni na namba ya akaunti.

Nesi, Seattle
Mdogo wangu, KATA.

Mhasibu, Minneapolis
Usimtumie chochote. Namba ya kupiga ni ile iliyochapwa kwenye barua yenyewe, nyingine yoyote usiiguse. SSN umeshamtajia? Nipigie mimi sasa hivi, niko macho.